Maji, Homa, Chokaa na Piko: Maswali Yanayorudi Kila Siku Katika Nyumba za Lamu

Nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Langoni mtu huambiwa mambo ya nyumba nzima. Mama huja kununua vidonge vya homa, na kabla hajalipa ameshauliza juu ya ukuta unaobambuka, paka aliyemkwaruza mtoto na samaki aliyemwasha mumewe mwili mzima. Nimeyaandika yale yanayorudi. Swali likigusa jingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia, na utaona njia nyingi zinaishia birikani, yaani kwenye tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba: shida za mji huu ukizifukua, chini yake hutoka maji.

Ninapoandika "hospitali", maana yangu ni sasa hivi, si baada ya alasiri.

## Maji ya nyumbani

Maji ya kisima cha uani yanafaa kunywa?

Ya kuogea na kufulia, sawa. Ya kunywa, mara nyingi hapana, na sababu ni mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni chumvi. Chini ya kisiwa kuna maji ya bahari, na maji matamu ya mvua hukaa juu yake kwa sababu ni mepesi. Ukivuta sana kwa pampu, hasa mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaingia, yale ya chini hupanda. Ndiyo maana mji unategemea visima vya Shela: vilima vya mchanga vya kule hunywa mvua na kuiweka. Sababu ya pili ni vyoo. Mji mkongwe umejaa mashimo ya choo yaliyo hatua chache tu kutoka visimani, na jiwe la matumbawe lina matundu mengi, halichuji kitu.

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakutoi chumvi. Tena maji yakipungua sufuriani, chumvi huzidi kukolea. Mwenye presha au figo dhaifu asizoee maji ya chumvi hata yakiwa yamechemshwa.

Niyasafishe vipi maji matamu?

Yachemke kwelikweli kwa dakika moja, yafunikwe, yapoe. Ukitumia dawa ya maji, fuata kipimo cha chupa na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mafuta na mkaa vikiwa ghali kuna njia ya jua: jaza chupa ya plastiki angavu, ilaze juu ya paa saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Njia hiyo haifanyi kazi kwa maji ya tope. Yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne.

Halafu jambo ambalo watu hulisahau: maji huharibika baada ya kutibiwa. Mkono wa mtoto ukizama mtungini, kazi yote imepotea. Weka kata yenye mpini mrefu na uitundike, isilale sakafuni.

Birika letu la zamani lina visamaki. Mwanangu anasema ni ushamba, tuwatoe?

Mwambie mwanao akae chini. Visamaki wale hula viluwiluwi vya mbu, na wazee waliojenga nyumba za mawe walilijua hilo vizuri hata wakapachika bakuli la kauri ya Kichina kwenye sakafu ya birika, ili maji yakipungua samaki wabaki na kidimbwi chao. Mabakuli hayo mengine bado yapo, na mengine yamebanduliwa yakauzwa kwa watalii, jambo linaloniuma.

Maji ya birika yenye samaki ni ya kuogea na kutawadhia. Usitie dawa ya maji humo, utawaua. Ya kunywa yatibu pembeni, mtungini.

Sisi hatuna birika, tuna pipa na jerikeni. Mbu wanatoka wapi?

Humo humo. Mbu wa mchana, mwenye miguu ya madoadoa meupe, hataki dimbwi la matope. Anataka maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba. Funika pipa kwa kitambaa kilichokazwa, na mara moja kwa wiki limwage na usugue kuta zake kwa brashi, kwa sababu mayai hunata ukutani na hustahimili ukavu. Kumwaga peke yake hakutoshi.

Watu wa Amu, yaani Lamu, tulilipa somo hili mwaka 2004. Mvua zilikosekana, kila nyumba ikahifadhi maji kwenye vyombo na kuyaacha yakae, na chikungunya ikaingia. Watafiti waliopima damu baadaye walikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa waliambukizwa. Ugonjwa ukashuka Mombasa, kisha ukavuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Kwa hivyo mtu akikuambia mbu huja na mvua, mkumbushe kwamba ule mwaka ulikuwa wa kiangazi.

## Homa

Nina homa na viungo vinauma. Nitajuaje ni malaria, dengi au chikungunya?

Kwa macho hujui, na mimi kaunta sijui. Malaria hupimwa kwa tone la damu, na jibu hutoka chini ya nusu saa. Pima kwanza. Dengi huja na maumivu nyuma ya macho na mgongo. Chikungunya hukamata vifundo na magoti hadi mtu atembee ameinama, na maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi. Zote mbili hazina dawa ya kuua virusi: ni kupumzika, maji mengi na parasetamoli. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, apishe angalau saa 4 hadi 6, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24.

Usinywe aspirini wala ibuprofeni mpaka ujue si dengi, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Watu wengi wananikasirikia hapa, maana wamezoea "ile kali". Kali ndiyo ninayokunyima.

Homa imeshuka, kwa nini unaniambia nikae macho?

Kwa sababu dengi mbaya hujitokeza wakati homa inashuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Tumbo linauma bila kuacha, kutapika hakukomi, ufizi au pua inatoa damu, mtu analegea au anahangaika: hospitali. Mjamzito na mtoto mchanga wasisubiri hata dalili hizo.

Nimebakisha vidonge vya malaria vya mwaka jana, ninywe?

Hapana. Dozi ya dawa ya mseto ni mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Hamri na kikombe cha maziwa vinatosha. Ukiwa na vilivyobaki, maana yake mwaka jana hukumaliza.

## Tumbo

Mtoto anaharisha tangu asubuhi. Nimpe nini?

Pakiti ya ORS, chumvi ya kuharisha, kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo kwa kijiko, na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa aliyepita miezi 6, 10 kwa mdogo wake, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Aendelee kunyonya na kula.

Pakiti zikikosekana, kwa mfano uko Kizingitini, kisiwa cha Pate, na boti imeshaondoka, changanya lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa juu kwa kisu, si vya kilima. Tumia maji matamu. Ukitumia ya kisima cha chumvi utakuwa umemzidishia mtoto chumvi bila kujua, na chumvi nyingi kwa mtoto aliyekauka ni hatari kuliko kukosa. Onja: isizidi chumvi ya machozi.

Macho yakizama, akilia bila machozi, asipokojoa kwa saa 6, au kinyesi kikiwa na damu, hospitali. Kinyesi kikiwa cheupe kama maji ya mchele, na mwingi, usingoje hata moja ya hizo.

Tumekula jodari, nusu saa baadaye uso umewaka, moyo unaenda mbio, mwili unawasha. Ni hasadi?

Ni jua. Jodari, nguru na vibua wakikaa joto baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza nyama yao kuwa na histamini, kitu kile kile mwili hutoa wakati wa mzio. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, ndimu haiiondoi. Wakati mwingine samaki huwa na ukali kama wa pilipili ulimini, ukiusikia, tema.

Kwa kawaida huisha baada ya saa chache, na dawa ya mzio husaidia. Akikosa pumzi, au midomo na ulimi vikivimba, hospitali. Tofauti na mzio wa kweli: kwenye hii, karibu wote waliokula samaki yule huwashwa. Kwa hivyo usimwambie mtu asile samaki maisha yake yote kabla hujawauliza waliokula naye. Dawa yenyewe ni barafu tangu botini, na mwanamke anayenunua soko la samaki saa tano mchana ana haki ya kuuliza barafu iko wapi.

Na bunju?

Usile. Wala usiseme wewe unajua kumsafisha. Sumu yake hutia ganzi midomo kwanza, kisha hupooza misuli ya kupumua, na moto hauiharibu.

Stima imekatika tangu jana. Friza nifanye nini?

Usiifungue. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi takriban saa 48, iliyo nusu takriban 24. Friji ya kawaida saa 4 tu. Nyama yenye vipande vya barafu ndani bado inaweza kupikwa. Samaki aliyelainika na kupata joto, rudi kwenye swali la jodari na umtupe mbali na paka, ingawa hilo la mwisho hapa haliwezekani.

## Pwani na mitaani

Samaki taa amenichoma mguu.

Maji ya moto, haraka. Sumu ya taa huvunjwa na joto. Zamisha mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi na si zaidi, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza yakipoa. Mtu mwingine ayapime kwa kiwiko chake, maana wewe kwa maumivu utajiunguza bila kujua. Kisha osha kidonda na uende ukapate sindano ya pepopunda. Ncha za mwiba huweza kubaki ndani. Akichoma kifua au tumbo, mwiba usiuvute, hospitali.

Maji ya moto ni hayo hayo kwa miba ya wale wadudu weusi wa miamba. Kwa yavuyavu, suuza kwanza kwa maji ya bahari, si ya bomba. Ondoa nyuzi zake kwa kijiti, usisugue kwa mchanga. Na mkojo si dawa, hata kama mvulana wa boti ameapa.

Nimekanyaga msumari barabarani. Damu imekoma, si basi?

Si basi. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye matumbo ya punda na kwenye udongo unaopata samadi yake, na katika mji ambao kila mfuko wa simiti hubebwa na punda, hakuna uchochoro usio na samadi. Lugha yenyewe imemtaja. Kidonda chembamba kirefu ndicho kibaya, kwa sababu kinafunga juu na kuviacha vijidudu chini bila hewa, vinavyopenda. Osha kwa maji mengi na sabuni, usijaze unga wa mkaa wala majani ya chai. Kwa kidonda kichafu, kama sindano yako ya mwisho imepita miaka 5, pata nyingine.

Paka wa barazani amemuuma mtoto.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kuuliza juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hubeba. Dalili zikishaanza hakuna tiba, na chanjo hufanya kazi kabla yake tu. Mkwaruzo unaotoa damu uhesabu vilevile. Paka wa Lamu ni wazuri na wapigwa picha, lakini hawana kadi ya kliniki.

## Hina, piko na wanja

Bibi harusi amepakwa piko na mikono imetoka malengelenge. Hina si ni ya asili?

Hina ni ya asili. Piko si hina. Hina safi hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi na huchukua saa nyingi kukolea. Inayokuwa nyeusi tii kwa dakika chache imetiwa rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ngozi zingine huipokea mara ya kwanza bila neno, mara ya pili zikawaka. Malengelenge yanaweza kutokea siku moja au wiki mbili baadaye, kwa umbo lile lile la ua lililochorwa, na kuacha kovu au alama nyeupe.

Osha, usipasue malengelenge, weka kitambaa cha baridi, na umwone daktari kwa krimu ya kutuliza. Aliyetoka malengelenge mikono yote miwili au anayevimba uso aende hospitali. Na jambo ambalo hakuna anayemwambia bibi harusi: aliyeungua kwa piko mara moja asipake rangi ya nywele nyeusi tena maisha, ataungua kichwa na uso. Najua kumwambia mama mkwe kwamba maua yawe mekundu ni vita. Bora vita hivyo kabla ya harusi.

Wanja wa mtoto mchanga una madhara?

Wanja nyingi za unga zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Haukuzi macho wala haufukuzi kitu.

Udi unamletea mtoto kikohozi.

Huenda ana pumu au anaelekea huko. Moshi ni moshi, hata ukinukia. Fukiza nguo chumba kingine madirisha wazi, zipoe, ndipo azivae. Hii ni pamoja na moshi wa mkaa, ambao una swali lake chini.

## Kuta, moto na dari

Ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabambuka kila mwaka. Fundi anataka kupiga simiti.

Fundi anataka kazi ya mwaka kesho. Jiwe la matumbawe lina chumvi tangu lilipokuwa baharini, na maji hupanda kutoka ardhini yakiibeba. Plasta ya chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Simiti na rangi ya mafuta huuziba. Chumvi hujikusanya nyuma, hukauka ikawa fuwele, na fuwele zikikua husukuma plasta nje. Ndiyo maana ukuta wa babu ulikaa vizuri na wako, ulioutengeneza kwa pesa nyingi, unabambuka.

Ondoa simiti hadi juu kidogo ya mstari wa unyevu. Unga mweupe ufagie ukiwa mkavu, usiuoshe, maana utaurudisha ndani. Acha ukuta ukauke kaskazi nzima ukiweza, kisha piga plasta ya chokaa na mchanga usio wa pwani, na upake chokaa. Tazama pia bomba la birika. Mara nyingi "unyevu wa ardhini" ni birika linalovuja. Kwenye mji mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, pitia ofisi ya uhifadhi kabla ya kubomoa.

Chokaa imemrukia fundi jichoni.

Maji mengi sasa hivi, kope zimefunuliwa, dakika 30 bila kuacha, huku mtu mwingine akitafuta boti au mkokoteni. Chokaa huendelea kula jicho muda wote iliomo. Usitie maziwa, usitie asali. Hospitali baada ya kuosha, si kabla.

Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa kusi?

Hapana, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu wala rangi, na vyumba vya ndani vya nyumba za mawe vimejengwa virefu na vyembamba, dirisha moja au hakuna. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa pamoja na kizunguzungu, na wakitoka nje wakapata nafuu, ni hiyo. Watoe wote nje kwanza, maswali baadaye.

Nimeungua na mafuta ya kaimati.

Maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si samli, si yai. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua: hospitali.

Boriti la dari limeinama, nalo la mkoko. Mkoko si hauozi?

Huoza pale ncha inapozama ukutani, kwenye unyevu ule ule wa swali la ukuta. Choma ncha kwa kisu. Kikiingia kama kwenye mkate, usilale chini yake leo.

## Mambo ya pembeni

Nina sukari na Ramadhani inakuja. Nifunge?

Hilo ni la daktari wako, na umwendee wiki 6 hadi 8 kabla, si usiku wa kuandama mwezi, kwa sababu dozi na saa hubadilishwa. Ukifunga, pima, kujichoma kidole hakuharibu saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi, lakini muulize sheikh wako upate utulivu. Kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikipanda juu ya 16.6 (mmol/L), fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa. Futari anza na maji na tende moja au mbili. Kaimati na tambi za sukari ziwaachie wajukuu.

Insulini niiweke wapi, sina friji?

Ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8; mwombe jirani mwenye friji, wala isigande. Inayotumika hukaa takriban wiki 4 mahali pa kivuli. Chungu ndani ya chungu, mchanga wa maji katikati, hupoza, ingawa unyevu wa pwani hupunguza nguvu yake. Vidonge vingine viweke kwenye kidaka (tundu la ukutani) cha ndani, si chooni wala dirishani.

Visamaki wa birika wamekufa wote. Maji yana sumu?

Uliza kwanza nani ameosha birika kwa sabuni ya unga au ametia dawa ya maji. Karibu kila mara ni hilo, na aliyefanya ni mgeni mwenye nia njema. Kama hakuna aliyefanya, onja kwa ncha ya ulimi: maji mapya yakiwa ya chumvi kuliko kawaida, kisima kimevutwa sana. Limwage, sugua kwa brashi na maji matupu, jaza, liache siku 2, kisha omba visamaki kwa jirani. Usiwalipie, hapa havijawahi kuuzwa.